Shangazi wa Uccle na Neno la Kichina

Shangazi yako amekubali. Amekubali, Ngoie, kwa mdomo wake mwenyewe, mchana huu wa leo, na hakuna mtu aliyemshika mkono.

Bon, sasa salamu. Mwanangu, wewe unayebeba jina la shangazi yako, jambo sana. Ni mama yako anayekuandikia kwenye meza ya jikoni, saa kumi ya mchana, na sanduku lako liko hapa mbele yangu, limefungwa mikanda miwili kama mgonjwa wa mgongo. Wewe uko Matonge unasukwa. Ningeweza kukupigia simu, lakini ile saluni naijua: ukisema alo, vichwa vyote vinageuka, na mimi nikijua watu wananisikiliza naanza kuongeza chumvi. Habari hii sitaki kuitia chumvi. Na sijaiweka kwenye statusi. Rudia kusoma hapo: sijaiweka. Simu nimeifungia ndani ya droo pamoja na vijiko. Wewe ndiye wa kwanza kujua. Hata Papa yako, ambaye sasa hivi anaendesha tramu yake mahali fulani katikati ya mji, hajui.

Nakuandikia Kiswahili cha shule, kile tulichofundishwa na masista kule Likasi, kwa sababu jambo hili linataka nguo ya Jumapili. Mambo ya kofia, dawa ya kifua na namna ya kuosha majani ya sombe ya barafu nimeyaandika kwenye karatasi nyingine, iko chini ya viatu vyako. Hapa hayamo.

Jambo lenyewe unalijua, lakini ulilijua kwa hasira, na mimi nililijua kwa aibu, donc acha nilipange tangu mwanzo.

Unakumbuka zile karatasi ndogo za Kichina. Mimi ndiye niliyezishika. Hili nitalisema mpaka nizeeke, na siku utakapokuwa mkalimani mkubwa, umekaa katikati ya marais wawili, waambie wote wawili: karatasi zilishikwa na mama yangu, anayepiga pasi mashuka ya nyumba ya wazee kule Evere, aliyeishia mwaka wa pili wa sekondari. Upande mmoja Kichina, upande wa pili Kifaransa, na mimi naongeza Kiswahili kwa kalamu ya risasi. Nakuuliza nikikoroga bukari, ugali wetu, unajibu ukitembea kati ya mlango na dirisha. Maneno mengine yaliingia kwangu pia bila kupiga hodi. Mpaka leo nikimwaga maziwa nasema zao-gao, yaani balaa, na wale bibi wa kazini wanafikiri ni lugha ya Likasi.

Ulipokuwa unajitayarisha kwa mtihani wa juu, ule ambao katika darasa lenu mlifaulu watatu tu, na wewe mbele yao, likaja neno moja lililotutesa wiki nzima. Chiang-shing. Naliandika ninavyolisikia. Wafaransa walikuwa wameandika par la force, mimi nikaandika "kwa nguvu", nikaona tumemaliza. Ukakataa. Ukasema, mama, mtu anaweza kusukuma kabati kwa nguvu na kabati lisikasirike. Neno hili ni la kufanya jambo wakati mwenye jambo hataki, au njia imefungwa, na wewe unapita tu. Nikalipeleka kazini. Mama Rehema wa Tanga, ninayekunja naye mashuka, alifikiri mpaka tukakutana pembe kwa pembe, akasema hilo ni "kwa mabavu". Nikafuta, nikaandika kwa mabavu. Jioni ile ukanichorea alama zake kwenye dirisha lililoshika mvuke wa sufuria: upinde kushoto, kulia mdomo juu na mdudu chini, halafu pembeni alama ya kwenda. Nikasema huyo mdomo uliokaa juu ni mimi. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Halafu mwalimu wenu akataka kila mwanafunzi atunge sentensi yake. Ukasimama mbele ya wale watoto wa Wabelgiji ukasema, kwa Kichina safi, kwamba mama yako alitia kuku mzima ndani ya mfuko wako wa shule kwa mabavu. Mwalimu akasema hakuna cha kusahihisha. Mimi nilitembea na sentensi ile wiki mbili. Nilimsimulia dereva wa basi, nilimsimulia mchungaji: mwanangu amenitia ndani ya Kichina. Sikusikia ulichokuwa unasema. Maana mwalimu alikuwa ameeleza jambo lingine pia, na uliniambia tukiosha vyombo, kwamba neno hilo mtu hajisifii nalo. Mara nyingi hulitumia yule aliyetendewa. Nikasema ah bon, nikaendelea kusugua sufuria.

Kama ningeacha kusugua, ningekumbuka ile siku ya kanisani. Ulikuwa na miaka kumi na sita, Kichina ulikuwa umekianza miezi michache tu. Ibada imekwisha, watu wanavaa makoti, mimi nikapanda mbele nikachukua maikrofoni nikatangaza kwamba mwanangu atatuombea Baba Yetu kwa Kichina. Baba Yetu kwa Kichina hukuijua. Ulijua kuhesabu na kuagiza chai. Nilikuja nikakushika kiwiko, ukang'ang'ania kiti, nikavuta. Ukasimama pale ukaangalia viatu vyako. Kisha ukainamisha kichwa, ukafumba macho, ukaagiza chai, pole pole, kwa sauti ya sala, na kanisa zima likasema amina.

Nilirudi nyumbani nimebeba kifua kama bendera. Jikoni ndipo uliponiambia kwamba waumini wote wamesema amina kwa vikombe viwili vya chai bila sukari. Nilicheka mpaka machozi. Wewe hukucheka. Wiki tatu hukugusa karatasi, na nilipokuuliza ulisema kichwa kinakuuma. Nilikuomba msamaha? Hapana. Nilikupikia. Nilipika makayabu, samaki wa chumvi, nikapika maharagwe ya nazi aliyonifundisha Mama Rehema, nikapika mpaka ukarudi kwenye karatasi zako, nikasema nguvu za mboga zimeshinda. Leo naandika kwa wino: kanisani nilikukosea, Ngoie. Chakula hakikuwa neno.

Sasa, statusi. Barua ya chuo cha Chengdu, kule kwa Wachina, ilipofika, na visa ikafuata, nilikuwa peke yangu nyumbani, na furaha ile haikuwa na mahali pa kukaa. Ningefanya nini? Nikachukua picha yako ya mahafali, nikabandika bendera, nikatia muziki, nikaandika kwamba mtoto wa mtaa wetu wa Laeken anakwenda kuwafundisha Wachina Kichina. Nikaituma duniani. Kabla maji ya bukari hayajachemka, binamu mmoja wa Lubumbashi alikuwa amempigia Yaya Ngoie kumpa hongera. Na Yaya Ngoie, dada mkubwa wa Papa yako, mtu aliyembeba mgongoni mama yao alipofariki, akamlea mpaka akaota meno ya pili, Yaya Ngoie ambaye wewe unabeba jina lake na anakaa tramu mbili tu kutoka kwetu, akasema asante, asante sana, akakata simu. Hakujua anashukuru nini.

Unajua kwetu mtoto ni wa upande wa baba. Havuki maji mpaka mkubwa wa upande ule ashike kikombe, aseme maneno yake juu ya maji, anywe kidogo, na msafiri amalize. Papa yako aliniambia tangu siku ya kwanza nimpigie yaya, kwa sababu habari ya mtoto hupelekwa na mama, na mimi nilisema kesho, kesho, nikitafuta siku nzuri ya kwenda na nguo nzuri. Halafu nikaiweka kwenye statusi nikiwa nimevaa aproni.

Papa yako hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kufanya, nina miaka ishirini na tatu ya mazoezi. Aliacha tu kuimba akinyoa ndevu. Siku ya nne akaniambia, akiwa ameshika kiwembe, "Kama yaya hayuko, miye siwezi kushika kikombe. Mutoto ataenda, siwezi kumukataza. Lakini ku uwanja wa ndege miye sitafika." Akamalizia upande wa kushoto wa ndevu, akaenda kazini.

Wewe uliposikia hivyo ulipiga mlango. Ulisema kama ni hivyo utaondoka bila kikombe cha mtu, na kwamba kule Chengdu hakuna atakayeuliza kama ulikunywa. Nilikuunga mkono kwa sauti kubwa ili usikie, kisha nikaingia bafuni nikafungua bomba ili usisikie.

Jumamosi iliyopita nikaenda Uccle, kwa Yaya. Hilo hulijui. Nilikuambia nina zamu kazini. Nilibeba sufuria ya sombe na makayabu, nimeifunga kwa kitambaa, nimevaa kitenge kile cha Pasaka. Nikabonyeza kengele. Yaya akauliza kwa parlofoni, kile kisanduku cha kuongelea mlangoni, ni nani. Nikajitaja. Akasema hajisikii vizuri, nije siku nyingine. Mtu mwingine angeelewa. Mimi nikamwona yule jirani wake mwenye mbwa mdogo anatoka, nikatia mguu mlangoni, nikamwambia bonjour monsieur, nikapanda ngazi. Ghorofa ya pili mlango wake haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Hodi nilipiga, mwanangu, sitasema uongo. Karibu ndiyo sikungoja. Nilisema hodi sufuria ikiwa tayari juu ya jiko lake.

Nikaongea. Unajua ninavyoongea. Nilimweleza barua, nilimweleza chuo, nilimweleza mtihani wa juu na wale watatu tu. Nilisema kila kitu isipokuwa lile lililonipeleka. Yaya alikaa ameweka mikono mapajani, ananisikiliza kama mtu anayengoja mvua iishe. Nilipofika mwisho akasema, bila kupaza sauti, "Umeingia, maman. Miye sikukufungulia." Akainuka, akavaa koti, akachukua mkoba wake, akatoka.

Nikafikiri ameenda kununua mkate. Nusu saa ikapita. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwenye nyumba ameniachia nyumba. Na siwezi kutoka, kwa sababu mlango ule bila ufunguo unabaki wazi, na akiingia mwizi, jina litakalotajwa ni langu. Nikakaa. Nikaosha vikombe viwili vilivyokuwa kwenye sinki. Nikamwagilia maua, baadaye nikagundua mawili ni ya plastiki. Saa tatu nzima, Ngoie, mimi mwenyewe, mlinzi wa wifi yangu bila kuajiriwa. Aliporudi akanikuta nimekaa ukingoni mwa kiti nimeshika mkoba. Akasema, "Ungali?" Akashikilia mlango wazi. Nikabeba sufuria yangu iliyojaa nikashuka. Uliniuliza usiku ule kwa nini sombe imerudi, nikakuambia kazini walikuwa na sherehe hawakula. Uongo.

Njiani kurudi, sufuria magotini, tramu imejaa watoto wanaotoka kucheza mpira, lile neno lilinijia lenyewe. Chiang-shing. Nikawaza jinsi Yaya angetunga sentensi yake kama angekuwa kwenye darasa lenu. Mwalimu asingepata cha kusahihisha.

Leo nimerudi. Sikubeba kitu. Hilo lilinishinda kuliko kupanda ngazi, maana mikono mitupu sijui huwekwa wapi. Nikabonyeza kengele mara moja, akauliza nani, nikasema ni mimi, nimekuja kusema nilikosa, na nitakaa kwenye benchi ya tramu pale chini mpaka saa nane. Ukipenda kushuka, yaya, shuka. Usipopenda, nitarudi kwangu na sitakusumbua tena. Parlofoni ikalia tik, ikakatika.

Ilikuwa saa tano na nusu. Nikakaa. Manyunyu yakaanza, yale ya hapa yasiyolowesha wala kuacha. Tramu ya kwanza ikapita, dereva akanifungulia mlango, nikatikisa kichwa. Ya pili vilevile. Ya tano dereva akanitazama kama mtu aliyepotea. Mguu wangu, ule ule wa Jumamosi, ulitaka kuinuka ukabonyeze kengele tena. Niliushika kwa mikono miwili.

Pale kwenye benchi nikamkumbuka baba mdogo wangu wa Likasi. Hili hata Papa yako hajui lote. Siku ya mimi kuondoka kuja huku kwa Papa yako, baba yangu hakuwapo tena, na mkubwa aliyebaki wa upande wake alikuwa yeye, baba mdogo, mtu wa maneno machache aliyetengeneza viatu. Gari la uwanja wa ndege lilikuwa nje linapiga honi. Mama yangu, na usiniulize mdomo huu nimeutoa wapi, akamtia kikombe mkononi, akamwambia sema, sema, gari linangoja. Baba mdogo akasema anataka kwanza kuniuliza kitu. Mama akasema utamwuliza kwa simu, sema. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akakiweka mezani. Hakukasirika. Alikiweka tu. Na mimi, ili mama asiaibike mbele ya majirani, nikakichukua nikayanywa maji yote kwa funda moja, maji ambayo hayakusemewa neno, nikakimbilia gari.

Sisemi yaliniletea laana. Nilipata kazi, nilipata mume anayeimba akinyoa ndevu, nikakupata wewe. Lakini baba mdogo alifariki kabla sijarudi, na alichotaka kuniuliza sikijui. Nafikiri alitaka kuniuliza kama napenda kwenda. Ningemjibu ndiyo. Ningependa tu niulizwe.

Saa saba na robo akatoka. Alikuwa anavuta kile kigari chake cha sokoni, kama mtu aliyekuwa anapita na shughuli zake. Akakaa kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Tramu ikaja, ikaenda.

"Ule muguu wako," akasema, akitazama reli, "haukuumia ku mulango?"

Nikasema mguu mzima, yaya, ni haya tu.

"Weye unaona haya? Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

Mdomo wake ukasogea kidogo pembeni, ule upande anaocheka nao Papa yako. Hapo nikasema lile lililonileta. Nilisema nilikosa, niliiambia dunia kabla ya kukuambia wewe, na sina sababu. Nikaishia hapo. Naomba uelewe, Ngoie, niliishia hapo. Nilisikia maneno mengine kumi yamejipanga nyuma ya meno, nikayafungia.

Kisha akasema hasira yake haikuwa kwa mtoto, na hata statusi angeisamehe. "Miye nilishukuru mu simu kintu sikijue," akasema. "Muntu mukubwa kama miye, nasema asante, asante, kama mupumbavu." Nikaona kwamba wiki zote hizi nilimhesabu kuwa na kiburi, kumbe alikuwa na kidonda.

Nikamsimulia habari ya chai kanisani. Sijui kwa nini. Ni mara yangu ya kwanza kusimulia habari ambayo mimi si mshindi wake. Nilipofika kwenye amina alipiga kile kigari kwa kiganja, akacheka mpaka bibi mmoja wa kizungu aliyekuwa anangoja tramu akasogea mbali. Kisha akauliza, akijifuta macho, kama huko uendako watu wanajua shangazi ni nini, au ni kama hawa wa hapa, wanasema tante kwa kila mwanamke. Nikamwambia hapana, yaya, Wachina wana neno la dada wa baba peke yake, haliguswi na mwingine: gugu. Karatasi hiyo niliishika mwenyewe. Akalijaribu mdomoni mara mbili, gugu, gugu.

"Bon," akasema. "Basi bale ni bantu ba akili."

Ndipo akaniambia masharti yake, ni mawili. La kwanza ni langu: siku ile nitapika, nitapanga viti, na sitasema neno mpaka maji yaishe ndani ya kikombe. Nimekubali. Usicheke. La pili ni lako. Alisema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: "Anipigie yeye mwenyewe. Akiniita, nitakuya na bantu betu bote. Asiponiita, sitakasirika, lakini sitakuya. Miye sipeleke baraka kwa muntu mwenye hataki." Akasimama, akavuta kigari chake akaelekea sokoni, maana kumbe kweli alikuwa anakwenda sokoni.

Nimepanda tramu ya tisa.

Kwa hiyo mwanangu, yeye amekubali, sasa umebaki wewe. Miaka yote ningekuwa nimekwisha kukupigia simu, ningekutoa saluni na nusu ya kichwa haijasukwa, ningekuwekea simu sikioni, ningesema ongea na shangazi. Ungeongea. Ungetii, ungeinama kesho, ungekunywa, na ungepanda ndege na maji yale yamekukaa shingoni. Yangu ninayajua ladha yake. Sitaki uonje.

Sikuambii uwe mlegevu huko. Kuna milango ya maofisi ambayo bila mguu haifunguki. Mimi nilisimama kwenye kaunta siku mbili mfululizo mpaka wakanipa karatasi yako ya kuzaliwa, na ukikutana na kaunta kama ile Chengdu, simama, sema wewe ni mtoto wa nani, na usiondoke. Kwa kaunta mimi ni bingwa, sitaki kudanganya. Mahali ninapokosea ni kwa watu. Sijui mstari uko wapi. Ningeujua nisingekaa saa tatu namwagilia maua ya plastiki. Najua tu kwamba kila nilipomshika mtu kiwiko nilipata kiwiko, na mwenye kiwiko akaondoka.

Ukiona huwezi, kama hasira uliyoipata kwa maneno ya Papa yako bado imekukaa, usipige. Nitamwambia Papa yako mwenyewe, na kesho nitakupeleka uwanja wa ndege mimi, nitabeba hilo sanduku lenye mikanda, na nitakuwa na furaha, kwa sababu mtoto anayekwenda ni wangu na hakuna mama mwingine Laeken nzima anayepeleka mtoto wa namna hii. Sitakuuliza sababu. Hili nalo ni gumu kwangu kuliko benchi, lakini nimelisema, na limeandikwa.

Ila kama unaweza, namba yake iko nyuma ya bahasha. Ukimwita gugu atajifanya hajasikia ili urudie.

Mimi naenda Evere kwa Mama Rehema kuazima viti kumi na viwili na ile sufuria yake kubwa. Nitavileta vyovyote iwavyo, viti haviozi. Barua hii naiacha juu ya sanduku lako, na simu naiacha ndani ya droo, usije ukafikiri nakungoja. Ndege yako ni ya jioni, kwa hiyo wakati upo. Yaya amekwisha kupanga saa, ni wewe tu wa kuitamka kwake: yeye, Papa yako akiwa amenyoa vizuri, watu wote wa upande wao wa Uccle na wa huku kwetu, na mama yako jikoni amefunga mdomo, kesho Jumapili, saa nne ya asubuhi.